Nani Anawajibika Kuijua Mashine?

Kutojua namna mashine inavyofanya kazi si kosa kwa asili yake. Huwa kosa, au hubaki udhuru, kutegemea jambo lenyewe lisilojulikana, mtu asiyelijua, na njia aliyokuwa nayo ya kulijua. Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili suala hili kwa karne nyingi. Kompyuta za siku hizi zimelipa uzito mpya, hasa mahali ambapo mashine zilifika kabla ya mafunzo ya kuzielewa. Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali pa namna hiyo.

Mto Lualaba unaugawa mji huo: Alunguli ng'ambo moja, Kasuku na Mikelenge ng'ambo ya pili, na watu huvuka kwa mtumbwi. Kwa wakazi wengi kompyuta maana yake ni simu. Huchajiwa kwa jua au kwa jenereta, hutiwa uniti na mega kidogo kidogo, na ndani yake hukaa fedha, picha za marehemu, sauti za ndugu walioko Bukavu au Kinshasa, na mawaidha ya Ijumaa na ya Jumapili. Anayehitaji barua ya kuomba kazi huenda kwenye kibanda cha kupiga chapa na fotokopi, humweleza kijana wa hapo anachotaka, kisha hutoka na karatasi mkononi. Kilichopita kati ya maneno yake na karatasi ile hakijui.

Mpenzi wa teknolojia, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu, fundi simu wa sokoni au mtunzi wa programu, huliona jambo hilo kwa uchungu, na hoja yake inastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Kompyuta ya zamani, husema, ilikuwa chombo kilichongoja amri. Ya sasa huchagua habari ipi itangulie, hukadiria nani akopeshwe, na hutunga sauti na sura za watu wakisema wasiyoyasema. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, hujibu maswali kwa lugha ya mazungumzo, na hujibu kwa uhakika uleule iwe imepatia au imekosea. Mtu anayemtajia wakala namba yake ya siri ili amfanyie muamala, au anayesambaza sauti ya kughushi kwa kuwa ameisikia kwenye simu, amejiweka mikononi mwa wengine bila habari. Kutoka hapo mpenzi huyo hufikia hukumu: watu hawajui kwa sababu hawataki kujua. Maelezo yake kuhusu mashine ni ya kweli na ya haraka. Hukumu ndiyo inayohitaji kupimwa.

Kiswahili chenyewe kina kipimo cha kuanzia. Kamusi za zamani hulipa neno mjinga, pamoja na maana nyingine, maana ya mgeni: mtu aliyefika karibuni na asiyeyazoea mambo ya mahali. Lugha hiyo ilifika Maniema na misafara ya karne ya 19 iliyoweka vituo Nyangwe na Kasongo, na katika safari kama zile kila mtu alikuwa mjinga wa mahali fulani. Ujinga kwa maana hiyo ni hali ya njiani. Mpumbavu ni mtu mwingine kabisa: ameonyeshwa na amekataa kuona. Anayemwita mtumiaji mjinga amesema jambo la kweli, lakini bado hajasema jambo la kulaumu.

Dini mbili kubwa za Kindu zimelikata suala hili karibu mahali pamoja. Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, aliuliza katika Summa Theologiae kama kutojua ni dhambi. Jibu lake ni kwamba ni dhambi kwa mtu kutojua yale anayopaswa kuyajua na anayoweza kuyajua, kwa kuwa hapo pana uzembe. Asiyoweza kuyajua hayahesabiwi juu yake. Kati ya mafungu hayo aliweka la tatu: mambo ambayo mtu angeweza kujifunza lakini hapaswi. Mfano alioutoa ni kanuni za jometri. Mkulima asiyejua jometri hajamkosea Mungu wala jirani.

Katika Uislamu, ambao ndani ya Kongo hauna kokote mizizi mirefu kuliko katika Maniema, mgawanyo huo una majina yanayojulikana hata na mtoto wa madrasa. Kuna fardhi aini, wajibu wa kila mtu peke yake, kama sala. Kuna fardhi kifaya, wajibu wa jamii nzima, ambao baadhi wakiutimiza wengine wameondokewa na dhima, na usipotimizwa na yeyote wote wamebeba lawama. Kumwosha maiti, kumswalia na kumzika ni mfano wa kila siku. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya elimu katika Ihya Ulum al-Din hakuiacha fardhi kifaya msikitini. Aliingiza humo tiba, hesabu, kilimo, ufumaji na hata kazi ya mpiga chuku, yaani anayewatoa wagonjwa damu kwa pembe, na akaeleza kwamba mji usio na mpiga chuku hata mmoja umejikaribisha kwenye maangamizi. Alisikitika pia kwamba wanafunzi wa zama zake walijazana kwenye fikihi, fani yenye heshima na vyeo, huku miji ikikosa tabibu Mwislamu.

Ukiutumia mgawanyo huo kwenye kompyuta, hukumu ya mpenzi wa teknolojia inabadilika sura. Haiyumkini kila mama anayeuza samaki Alunguli awe na wajibu wa kujua namna mtandao wa neva bandia unavyorekebisha mabilioni ya tarakimu zake mpaka ujifunze kutabiri neno linalofuata. Hiyo ni jometri ya Thomas. Kwa mtu mmoja mmoja ni hiari, na kwa mji ni fardhi kifaya.

Linalobaki kwa kila mtu ni dogo lakini halina wakala. Ni kujua mashine inafanya nini na kilicho chake: fedha yake, jina lake, neno lake, kura yake. Anayetumia pesa za simu anapaswa kujua kwamba namba ya siri ni mfano wa kidole gumba chake na haikabidhiwi mtu. Kwamba muamala uliokwenda kwa namba isiyo yake hurudi kwa taabu au haurudi. Kwamba sauti ya mchungaji au ya imamu iliyotumwa kwenye simu huenda hakuitoa mchungaji wala imamu. Anapaswa kujua nani anapokea anachokituma. Haya yanafundishika kwa saa chache, kwa Kiswahili, bila hesabu. Aliyefundishwa akapuuza, huyo amefikia uzembe anaousema Thomas. Ambaye hakufundishwa na mtu yeyote bado yumo katika udhuru, na lawama inapanda kwa waliojua wakanyamaza.

Wanaojua nao wana mpaka wao. Mwaka 1984 ilichapishwa hotuba ya Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo endeshi wa kompyuta uitwao Unix, aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing. Thompson alionyesha kwamba programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa lugha ya mashine inaweza kutiwa hila ya kupachika mlango wa siri ndani ya programu nyingine, na hila hiyo ikajirithisha kizazi hata kizazi bila kuonekana popote kwenye maandishi. Msomaji angeweza kupitia kila mstari na asione kitu. Maana yake ni nzito: hata fundi mkuu, mwishoni, humwamini mtu na si maandishi.

Mashine mpya zimeongeza jambo ambalo Thompson hakulazimika kulizungumzia. Programu ya zamani iliandikwa na mtu, na kila hatua ilikuwa na sababu aliyoiweka mtu. Mfumo unaojifunza kutokana na data haukuandikiwa hatua zake. Wahandisi wanajua namna walivyoufunza, lakini kwa nini umetoa jibu hili badala ya lile mara nyingi hawawezi kueleza kwa uhakika, na kulichunguza hilo sasa ni tawi zima la utafiti. Tofauti kati ya mjuzi na mtumiaji ipo na ni kubwa, lakini ni tofauti ya kiasi. Wote wawili wamesimama mbele ya kitu wasichokiona ndani kwa ukamilifu.

Kwa hiyo kila anayetumia kompyuta anategemea ujuzi wa wengine, na utegemezi huo wenyewe si aibu. Mwanafalsafa Mmarekani Hilary Putnam aliuelezea mwaka 1975 kwa mfano wa dhahabu: watu wote hulitumia neno dhahabu na hulitumia sawasawa, ingawa wachache tu ndio wawezao kuitenga dhahabu halisi na madini yanayofanana nayo. Maana ya neno inabebwa na jamii nzima kwa kugawana kazi. Mfano huo unasomeka vizuri katika Maniema, jimbo la dhahabu, ambako mchimbaji wa Kabambare hupeleka punje zake kwa mnunuzi mwenye asidi na mizani.

Lakini meza ya mnunuzi inaonyesha jambo ambalo Putnam hakulihitaji katika hoja yake. Mwenye kupima ndiye mwenye kununua. Kila punje ambayo mchimbaji hakuijua uzito wake ni faida ya upande wa pili. Mtumbwi wa Lualaba ni kinyume chake. Abiria hajui mkondo, hajui mwamba uko wapi wala maji yamepanda kiasi gani, na humwachia yote mpiga kasia wa kabila la Wenya aliyekulia mtoni. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa mpiga kasia amekaa ndani ya mtumbwi uleule: maji yakimshinda, anazama na abiria wake. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Kumtegemea mjuzi ni halali pale anapobeba hatari pamoja na anayemtegemea, na ni hatari pale kutojua kwa mteja kunapomtajirisha mjuzi. Kampuni zilizotengeneza mifumo mikubwa ya kompyuta, kwa mkao wao, ziko upande wa mizani. Fundi simu wa Kasuku yuko mtumbwini, kwa kuwa mteja aliyedanganywa leo atakutana naye kesho sokoni na jirani zake watasikia. Fardhi kifaya ya mji haitimizwi na mhandisi aliye ng'ambo ya bahari, hata awe hodari namna gani. Inatimizwa na watu wa mji.

Walega wa Pangi wanafahamu vizuri kwamba si kila ujuzi unafaa kukabidhiwa kila mtu, wala si kila mtu anafaa kukabidhiwa ujuzi. Chama chao cha Bwami, ambacho serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikipiga marufuku mwaka 1948, kilipanga elimu kwa daraja hadi ile ya juu iitwayo kindi. Kupanda daraja kulidai mali na msaada wa ndugu, na kulidai pia mwenendo mwema: maana za vinyago na methali zilifundishwa kwa mtu ambaye tabia yake ilishaonekana. Mpangilio huo una upungufu unaojulikana, kwani siri inalinda cheo kama inavyolinda hekima. Hata hivyo unashika jambo ambalo mafunzo mengi ya kompyuta hayaligusi: kwamba anayejua zaidi anawajibika zaidi, na kwamba uhodari usio na uadilifu haumpi mtu haki ya kusema mwenzake yumo gizani.

Kuna pia ujuzi ambao mtumiaji anao na mtengenezaji hana. Plato, katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, anasema mpiga filimbi ndiye anayejua filimbi ipi ni njema. Fundi aliyeichonga hupokea maelekezo yake na kumwamini. Aristotle, katika Siasa, anasema vivyo hivyo juu ya nyumba na karamu: mkaaji huihukumu nyumba vema kuliko mjenzi, na mlaji huhukumu chakula vema kuliko mpishi. Kompyuta inayozungumza Kiswahili inathibitisha maneno hayo kila siku. Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili yaliyoifunza yametoka Tanzania na Kenya. Ikipewa Kiswahili cha Kindu, chenye viambishi vyake, Kifaransa chake na maneno yake ya Kilega na ya Kikusu, mara nyingi hupotea. Wakati huo mwenye elimu ni mama wa Alunguli, na mashine ndiyo mgeni, yaani mjinga kwa maana ya kamusi ya zamani. Mtengenezaji asiyemsikiliza amekosa kitu ambacho hakuna hesabu itakayomletea.

Suala hili halikubaki la nadharia nchini Kongo. Tarehe 30 Desemba 2018 Tume Huru ya Uchaguzi ya Taifa, CENI, iliendesha uchaguzi kwa mashine zilizotengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa chaguo lake juu ya karatasi, naye akaikunja na kuitia sandukuni ili ihesabiwe kwa mkono. Tume ilifanya kampeni ya kuwaonyesha wananchi namna ya kuitumia. Upinzani uliikataa, na watu wakaigeuza jina: katika Kifaransa kupiga kura na kuiba hutofautiana kwa herufi moja, voter na voler, na mashine ya kupigia kura ikawa mashine ya kuibia. Siku iliyofuata uchaguzi intaneti ilikatwa nchini, ikarudi takriban wiki tatu baadaye. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulitumia mashine tena.

Katika mabishano ya 2018 yalichanganywa maswali mawili. La kwanza ni kama mwananchi ataweza kuitumia mashine, na hilo mafunzo yanaweza kulijibu. La pili ni kama ataweza kujua kwamba mashine imefanya alivyotaka, na hilo halijibiwi kwa kumwonyesha pa kugusa. Aliyesema kwamba wananchi wanaiogopa mashine kwa ushamba alilijibu la kwanza na kuliruka la pili. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikuwa imeshakutana na swali hilo la pili. Tarehe 3 Machi 2009 ilitoa hukumu juu ya kompyuta zilizotumika katika uchaguzi wa bunge wa 2005, ikasema zilivunja katiba, kwa sababu raia lazima aweze kuzikagua hatua kuu za uchaguzi na hesabu yake bila kuwa na utaalamu wa pekee. Hukumu hiyo inageuza hoja ya mpenzi wa teknolojia juu chini. Katika jambo linalomhusu kila raia, raia haambiwi apande mpaka kwenye mashine. Mashine inateremshwa mpaka kwa raia. Kwa kipimo hicho, kilicholinda kura ya Mkongo mwaka 2018 ni karatasi, ambayo kila mwenye macho aliweza kuiona ikihesabiwa, kwa kadiri aliyoruhusiwa kuwapo na matokeo kubandikwa.

Lipo jambo jingine ambalo kipimo cha wajibu hakiwezi kuliacha kikisimama Maniema. Kasiteriti ya Kalima na Punia hutoa bati la kuunganishia vipande vya kompyuta. Koltani hutoa tantali ya vihifadhi umeme vidogo vilivyomo katika simu. Mchimbaji haijui simu kwa ndani, na mtengeneza simu kwa miaka mingi hakumjua mchimbaji. Marekani ililigusa hilo kwa sheria ya Dodd-Frank ya Julai 2010, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizilazimu kampuni kuchunguza kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu zao zimetoka Kongo au nchi jirani. Kampuni zilipowasilisha taarifa za kwanza mwaka 2014, nyingi ziliandika kwamba hazikuweza kutambua madini yao yametoka nchi gani. Na Septemba 2010, miezi miwili tu baada ya sheria kutiwa saini, serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na familia zilizoishi kwa kasiteriti zikakosa riziki kwa nusu mwaka. Kampuni zenye wanasheria, wahasibu na kompyuta zilikuwa na njia ya kujua na zilipaswa kujua. Kwa kipimo cha Thomas kutojua kwao ni kuzito kuliko kwa mtu yeyote aliyetajwa hapa.

Kongo nayo sasa ina sheria yake ya mambo ya kompyuta, Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Inagusa data binafsi, biashara ya mtandaoni na makosa ya kompyuta, na imeandikwa kwa Kifaransa. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba sheria haina nguvu mpaka itangazwe kwa wale inaowafunga. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imeliweka fundisho kama hilo katika ibara ya 142: Serikali huhakikisha sheria inaenezwa, ndani ya siku 60 tangu kutolewa, kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo.